Kivumbasi cha Nyuma ya Bafu

Chumba cha nne, uani
Jumapili mchana

Mpendwa Shangazi,

Mjukuu wako amenichekesha sasa hivi. Nimempa kikombe cha maji anywe, akatoka nacho mpaka kwenye miche, akamimina yote, kisha akainama na kunong'ona, "Kunywa upesi, mama asione." Nimejifanya sikumwona. Wiki mbili zilizopita ningelia.

Shikamoo, Shangazi. Goti linasemaje? Sisi wazima, na kile kikohozi cha mtoto kimekwisha.

Ile mimea ya porini uliyonifungia kwenye gunia, mishubiri, mgagani na vivumbasi, ilishika vizuri. Ila tangi letu la wapangaji wote likaanza kuisha siku mbili kabla ya maji ya mgao kurudi, na lawama zote zikaniangukia. Mshonaji wa chumba cha pili akasema mbele za watu, "Sisi tunaoga kopo moja, mwenzetu ananywesha magugu!" Shangazi, nilitafuta pa kuuficha uso. Mwenye nyumba akanipa wiki moja: tangi likiisha tena mapema, ataning'oa mimi pamoja na magugu yangu.

Kumbe maji ya tangi sikuwa nikiyagusa kwa ajili ya miche. Nanyweshea maji ya suuza ya mwisho, nikishafua nepi. Siku moja tu, kwa haraka zangu, nilimwaga yenye jiki, ile dawa ya kung'arishia nepi, mgagani ukaungua wote. Niliuomba radhi kama mtu.

Wiki ikapita, tangi likaisha vilevile. Nikaanza kufunga vyombo. Baba mtoto alikuwa kazini, na mimi hata sikujua tungehamia wapi.

Nilipokwenda kuanua ndoo nyuma ya bafu, nikakiona kivumbasi kimoja kilichojiotea. Sijawahi kukipa hata tone. Vyangu vimesinyaa kwa jua, chenyewe kimenona kama bwana harusi. Nikajiuliza, huyu analishwa na nani? Nikapiga jembe pembeni yake. Tope tupu! Nikamwita mwenye nyumba, naye akamwita fundi bomba. Bomba la tangi lilikuwa limepasuka chini kwa chini, maji yetu yote yananywewa na ardhi.

Sasa tangi linafikisha siku zake na kubakiza. Mwenye nyumba hajaniomba radhi, lakini amepiga marufuku mtu kung'oa hata jani hapa uani. Jana nimefungua vyombo vyote, mpaka sufuria ya chini kabisa. Moyo mweupe, Shangazi.

Nisalimie mumeo, na binamu yangu kinyozi, mwambie asimnyoe mtu huku anasinzia. Mungu alitie goti lako nguvu, akuzidishie na pumzi. Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye pasipo kipimo.

Nilisahau: nitumie mbegu nyingine za mgagani, maana

Nivumilie, mshonaji ananiita: "Mama Magugu! Leta ndoo, nimekuwekea maji ya suuza, hayana hata povu!" Wacha nikayachukue kabla hajayamwaga.