Isale Katika Ukurasa wa 112

Kirua Vunjo,
12 Agosti 2024

Dada Theopista,

Shikamoo. Natumaini u mzima na lile goti limepoa. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Eliona anakusalimu, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Sina mengi. Basili anashuka Ijumaa na pikapu yake kupeleka ndizi sokoni Mbuyuni, nimempa mkungu mmoja akuletee pamoja na kitabu. Ndizi anakupa Eliona. Kitabu nakirudisha mimi. Nilikikuta kwenye sanduku la Doris alipoondoka, na mwandiko wako upo ndani: "Kwa Doris, ufuate maji yako. Shangazi." Haya, ameyafuata. Binti yangu wa pekee, niliyempeleka chuo cha uhasibu, akabakiza mwaka mmoja tu, leo anapanda mlimani na mabegi ya wageni kichwani. Watu wakiniuliza habari zake kanisani najifanya nakohoa.

Nimemwambia asikanyage kihamba hiki, nyumba wala migomba, mpaka arudi chuo. Neno langu ni hilohilo hata Krismasi ikifika. Nawe nakuomba kwa eshima, usimpe tena mtoto wangu kitabu.

Mdogo wako,
Kornel


Moshi,
17 Agosti 2024

Kornel mdogo wangu,

Marahaba, baba. Tumsifu Yesu Kristo. Goti halijapoa, ila leo silisikii kabisa. Mwambie Eliona aika kwa ndizi, mtori wake umenikumbusha nyumbani.

Nilisoma barua yako nikakasirika, nikaiweka chini ya birika isinitazame. Halafu nikakichukua kitabu nikitie kabatini, kikafunguka chenyewe ukurasa wa 112, na pale katikati nikakuta jani la isale. Mae! Niliketi juu ya gunia la mchele nikalia mpaka jirani akagonga mlango. Sijalia hivyo tangu tulipomzika Mama.

Kornel, jani hilo nimelingojea tangu Januari bila kujijua. Wewe unakumbuka ulichosema kwenye kumbukumbu ya Mama, ukoo mzima umekaa, kata ya mbege mkononi mwako. Ulisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwamba mimi kwa kuwa sikuzaa nayachezea maisha ya watoto wa watu. Nilichukua kitenge changu nikaondoka bila kula. Tangu siku hiyo hukunipigia simu, na mimi sikukupigia, ndiyo maana leo tunaandikiana barua kama watu wa enzi za mkoloni.

Nimekubeba mgongoni, nakujua. Mdomo wako umekataa kusema, mkono ukaenda mpakani ukachuma isale, ukalificha ndani ya kitabu, halafu ukaandika barua ya ukali juu yake ili nisikucheke. Sikucheki. Babu alitufundisha kwamba ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa kusamehe, hata aliyelituma awe amekuulia mtu. Mimi sitaki hiyo ruhusa. Nimekusamehe yote, na jani nimeliweka miguuni pa Bikira Maria, pale juu ya redio.

(Neno ni "heshima". Lina h.)

Dada yako akupendaye,
Theopista


Kirua Vunjo,
29 Septemba 2024

Dada Theopista,

Shikamoo. Habari za afya, habari za goti? Huku tu wazima. Kahawa imeiva yote kwa pamoja na hatuna watu wa kuchuma, lakini siwezi kusingizia kahawa. Wiki sita nimekaa na barua yako mfukoni.

Dada, mimi nina makosa mengi lakini si mwongo. Lile jani sikulituma. Lilikuwa alama ya ukurasa.

Nitakueleza. Doris alipoondoka nilitaka kujua ni kitu gani kimemla mwanangu. Nikawa nakichukua kitabu mchana, najificha kule mpakani kwenye masale ya babu ili Eliona asinione, nasoma. Mwanzo sikuona ubaya. Kijana kazi yake ni kuzibua mfereji wa maji unaonywesha shamba la baba yake, siku moja anaota maji yanamwita jina, anaamua kuufuata mfereji kwenda juu mpaka yanakotoka. Nikasema haya, ndoto ni ndoto. Lakini nilipofika ukurasa huo wa 112, ambapo baba yake anasimama bondeni anamwita mara tatu, na mtoto anasikia, na hageuki, damu ilinipanda. Nikachuma jani lililokuwa karibu, nikaliweka nisipoteze mahali, nikakifunga. Kesho yake nikasema sisomi tena upuuzi huu, nikampa Basili. Jani nikalisahau humo.

Ningeweza kunyamaza ukaendelea kufurahi. Lakini kila Jumapili nikipiga magoti nawaza dada yangu ananisamehe kwa jani ambalo sikulituma, najiona mwizi. Nimekwambia kweli. Unisamehe kwa hilo.

Mdogo wako,
Kornel


Moshi,
4 Oktoba 2024

Kornel,

Marahaba. Mimi si mzima sana, na usiniulize goti.

Barua yako imeniumiza, na sitaki kukuficha. Nililitoa jani pale juu ya redio nikalitupa kwenye pipa. Niliona nimekuwa mwanamke mzee mjinga anayelilia alama ya ukurasa.

Siku ya tatu nikaenda kulitoa kwenye pipa. Nimelipangusa maganda ya viazi na limerudi mahali pake. Maji yakimwagika hayazoleki, na msamaha wangu nimeshaumwaga. Umelituma kwa kujua au kwa kusahau, isale lilitoka kwako likafika kwangu. Babu hakusema habari ya kusahau.

Na jambo la pili. Kumbe umesoma kurasa mia na kumi na mbili! Wewe, ambaye nilikufundisha kusoma kwa kiboko cha tawi la kahawa, na tangu upate kipaimara hujasoma kitu zaidi ya tangazo la chama cha ushirika! Nimecheka peke yangu jikoni. Sasa nakirudisha kitabu, Basili anacho. Umeacha mahali pabaya kuliko pote. Kimalize, halafu ndipo uniambie ni upuuzi.

Habari za Doris unazitaka ingawa huziulizi. Habebi tena mabegi. Amesoma kozi, amefaulu, amekuwa mwongozaji msaidizi wa wageni. Mwezi uliopita mgeni mmoja alizidiwa kule juu, na wa kwanza kugundua alikuwa yeye, kwa sababu usiku huwa anapita kwenye mahema kusikiliza watu wake wanavyohema. Wakamshusha akiwa hai. Alinisimulia hilo huku anamenya viazi, kama vile anasimulia habari za sokoni. Krismasi hii atakuwa na kundi lake, wanashuka geti la Marangu tarehe 24 mchana. Kutoka pale mpaka kwako ni mwendo mdogo tu wa bodaboda.

Ameniuliza kitu kimoja. "Shangazi, Krismasi nitakula wapi?"

Dada yako,
Theopista


Kirua Vunjo,
24 Novemba 2024

Dada Theopista,

Shikamoo. Natumaini umenipunguzia hasira. Sisi hatujambo, mvua za vuli zimekuja chache, ndama ameachishwa ziwa.

Kitabu nimepokea. Nasoma kurasa mbili kwa siku, macho hayana nguvu, na sasa nasoma barazani wazi, Eliona ameshaniona. Anasema nikisoma nachezesha midomo kama mbuzi. Nakuambia kweli, yule mwandishi hajawahi kulima. Anamfuata kijana msituni kurasa na kurasa, anatuambia viatu vimechanika, anatuambia aliota nini, lakini yule baba aliyebaki na shamba kavu hatuambiwi alikula nini wala alilalaje. Hata jina hakupewa.

Kabla sijaendelea nina neno. Nilichosema siku ya kumbukumbu ya Mama kilikuwa kibaya na cha uongo. Doris alikaa kwako miaka saba ya shule. Alipougua taifodi wewe ndiye uliyelala naye hospitali, mimi nilifika siku ya nne. Uchungu wake unaujua. Nilisema vile kwa sababu niliona wivu kwamba akiota kitu anakuja kukuambia wewe. Nisamehe, dada. Hili nimeliandika mara tatu ndipo likatoka sawa.

Lakini la Doris ni jingine. Umeandika kama vile nikitaka leo naweza kumfungulia tu. Nilisema mbele ya mama yake na mbele ya mjomba wake Primus kwamba hatakanyaga hapa. Neno la baba likishatoka linaondolewa kwa isale, na isale hutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Uliona wapi mzazi akampelekea mtoto? Akilituma yeye, nitalipokea. Lakini halitumi, ana kichwa kigumu. Usiniambie amekitoa wapi.

Siku ambazo mlima umefunguka mawingu nasimama nyuma ya zizi natazama juu. Najua mtu haonekani kutoka huku. Natazama tu.

Mdogo wako,
Kornel


Moshi,
1 Desemba 2024

Kornel mdogo wangu,

Marahaba, marahaba tena. Goti limepoa, sijui ni dawa au ni barua yako. Nimeisoma ile sehemu ya Mama mara nyingi na sina la kuongeza. Sasa ninayo maombi mawili ya msamaha kwa kosa moja, nitalitunza la ziada, nakujua utalihitaji.

La Doris sitabishana nawe. Unasema kweli, sijawahi kuona mzazi akimpelekea mtoto isale. Nilimuuliza Doris kama yeye angeweza kulituma. Akaniambia, "Shangazi, ningeomba msamaha kama ningekuwa nimekosa." Akaendelea kukunja nguo zake.

Basi Krismasi atakula kwangu, nimeshaagiza kuku. Na mimi mwaka huu sipandi Kirua. Siwezi kumwacha mtoto peke yake mjini siku ambayo kila Mchagga aliye hai yuko kwao. Itakuwa Krismasi ya kwanza sisi wawili kutokula pamoja, nami nimeshaililia kabla haijafika.

Umebakiza kurasa ngapi? Usiniulize mwisho. Sikuambii.

Dada yako,
Theopista


Kirua Vunjo,
21 Desemba 2024

Dada Theopista,

Shikamoo. Sijui hali yako ila naiombea. Huku tu wazima, wageni wameanza kupanda kutoka Dar na Arusha, barabara imejaa magari, kila kihamba kina moshi. Kwetu Eliona amepika mbege na hasemi na mimi.

Kitabu nimekimaliza jana.

Ulijua. Ulijua tangu mwanzo ukanyamaza, mwalimu wewe. Nilidhani atafika juu akute dhahabu, au akute malaika. Anafika hakuna hata chemchemi. Ni ukungu tu unaodondoka kwenye majani ya msitu, tone moja hapa, tone moja pale. Analia siku nzima. Halafu anachukua jembe, anaanza kuyakusanya yale matone, anachimba kushuka, miaka anachimba. Na kule chini yule baba, ambaye kurasa zote zile nilikuwa namtetea, asubuhi moja yuko shambani analima vumbi, anaona miguu yake imelowa. Hajaambiwa kitu, hajaona mtu. Anaweka jembe chini, anaanza kupanda kuufuata mfereji kwenda kumpokea. Haulizi mtoto ameomba msamaha au hakuomba. Hukuniambia kwamba na baba yumo. Mimi miguu haikulowa, ndevu ndizo zililowa, na Eliona aliniona.

Nimewaza usiku kucha juu ya yule mgeni aliyeshushwa akiwa hai. Ana baba mahali fulani. Yule baba hajui jina la binti yangu, lakini Krismasi hii anakula na mtoto wake kwa sababu Doris alisikiliza mtu akihema. Na mimi nilikuwa nakohoa kanisani.

Asubuhi nimekwenda mpakani. Primus alikuwa anapita, akaniuliza nachuma isale la nani, nikamwambia la mwanangu. Akasema haijawahi kuonekana. Nikamwambia basi asimame aone.

Aliyekosa hapeleki isale kwa mkono wake, lazima awepo mtu wa kati, na sina mwingine ila wewe. Nakuomba kwa heshima (nimeitia h). Tarehe 24 Basili atakuja kukuchukua asubuhi, goti lako litakaa mbele. Nenda getini Marangu umngojee. Usimwambie maneno mengi, mpe tu kitabu. Kuku wako mwache, huku tumeshachinja mbuzi. Mimi nitakuwa barabarani, pale juu kwenye njia panda, nitakuwa nimeanza kupanda.

Jani nimeliweka palepale, ukurasa wa 112. Ni bichi, utaliona mara tu ukifungua. Mwambie, asije akakosea kama ulivyokosea wewe, kwamba hili si alama ya ukurasa.

Mdogo wako,
Baba Doris