Shubiri Moja na Nyanda Tatu

Dada yangu Riziki,

Fundi Bakari wa Pongwe amesema leo Alhamisi kwamba kipimo ulichoandika mlangoni mwa pikapu lako ndicho sahihi, na kwamba chuma nilichomwamuru achomelee nyuma ya gari lazima kikatwe. Amelisema mbele ya wateja wawili, kikombe cha chai mkononi, bila kupandisha sauti. Nimeyaandika maneno yake kama ninavyoandika ya mtu yeyote ninayemhoji. Halafu sikuweza kukaa. Nimeizunguka gereji mpaka akaniambia nikae kwenye tairi au nishike spana.

Najua ungenikatiza hapa. "Anza na mwanzo," ulikuwa ukiniambia, "habari zako siku zote zinaanzia mwisho." Basi naanza na mwanzo.

Mwanao Mwanaidi ana mimba yake ya kwanza. Muuguzi wa zahanati amempima akasema mtoto ametanguliza matako, asijifungulie kijijini Moa. Jumatatu awe ameshafika hospitali mjini Tanga, akasubirie huko. Teksi za mjini haziingii njia yetu masika haya. Bodaboda muuguzi ameipiga marufuku. Limebaki pikapu lako, ambalo naliendesha mimi tangu tulipokuzika. Mwanaidi hawezi kukaa mbele, mgongo unamuuma. Atalala nyuma kwenye godoro. Na unajua nyuma kulivyo. Uliziongeza springi zile vyuma ili zibebe magunia ya mwani, zikawa ngumu, na gari likiwa tupu linarusha kila kilichomo.

Sitajifanya nimeisahau safari ile nyingine. Nilikuwa usukanini, wewe nyuma kwenye godoro, mama amekushika mabega. Mvua ilikuwa imeikata njia. Uligonga kioo mara moja ukasema, "Punguza, Hamisi, hukubeba mwani." Nilipunguza. Haikusaidia. Mwanaidi alizaliwa akilia. Pacha wake hakulia, na kesho yake alasiri tukamzika Moa. Muuguzi wa siku ile hakusema ni barabara. Nilimuuliza mara mbili. Hakusema pia kwamba si barabara. Wewe hukuniuliza lolote mpaka unaingia kaburini, na hilo ndilo linalonitembeza.

Ulipotoka arobaini ulianza mambo ya ndoo. Ulijaza ndoo ya bluu mpaka ukingoni, ukaiweka nyuma ya gari, ukaendesha polepole kutoka Moa hadi barabara kuu, kisha ukashuka kuangalia maji yaliyobaki. Hayakuwahi kuzidi nusu. Ukakwaruza mstari kwa msumari, vidole vinne chini ya ukingo, ukatangaza uani kwamba maji yakibaki hapo ndipo utakapopakia mwenye mimba. Tangu siku hiyo hukupakia hata mmoja. Walibebwa kwa kitanda, watu wanane kwa zamu, nusu siku kwenye matope.

Springi ndefu ulizipata baadaye sana, kwenye lori bovu lililokuwa likikatwa chuma chakavu. Ulisema ndefu inalainika, fupi inapiga. Ukazipaka grisi, ukazifunga kwa kanga kuukuu, ukazilaza chini ya kitanda chako. Mlangoni mwa gari ukaandika kwa rangi, kwa vipimo vya mkono, wanda ukiwa upana wa kidole: Sikio la nyuma lirudi shubiri moja na nyanda tatu. Maradhi yakaja kabla ya fundi.

Juzi Jumanne nilizipeleka Pongwe. Bakari aliisoma ile rangi, akapanua kiganja chake hewani.

"Shubiri ya nani hiyo?" nikamuuliza.

"Ya dadako. Mkono ule naujua, ulinizaba kofi darasa la tatu."

"Tepu huna?"

"Ninayo. Lakini mwenye gari keshaandika."

"Mwenye gari sasa ni mimi. Pima."

Akailaza springi sakafuni, akaipima tundu hadi tundu, akalinganisha na ya zamani. Tofauti ya urefu ilikuwa pungufu ya kipimo chako kwa vidole vitatu. Aliniangalia. Nikasema tufuate tepu. Nilitaka safari hii pasiwe na kitu cha kukisia. Akachomelea sikio, yaani kile chuma cha kwenye chesisi kinachoshika mwisho wa springi, tukashusha jeki. Nilijaza ndoo yako, nikaenda hadi Nguvumali na kurudi. Lami tupu, dada. Maji yalirudi theluthi.

Bakari aliingia chini ya gari, akakaa huko kitambo.

"Mwandishi, njoo uone. Springi ikilala tupu imejikunja. Ukiibebesha inajinyoosha, inarefuka. Hii imerefuka ikakosa pa kwenda, imejibana kwenye chesisi. Sasa huna springi, una nondo. Dadako alipima yenye mzigo. Wewe umenipimisha iliyolala."

"Alipimia wapi yenye mzigo?"

Kabla hajajibu nilishakumbuka. Ilikuwa siku ya Idi. Nilifika kwako nikakuta wanawake wa mwani wamepanga mstari uani, wamekalia ubao mrefu, na chini ya ubao kuna chuma kirefu kilichopinda. Wewe ulikuwa umepiga magoti na kisu mkononi.

"Bi Mize, kaa na wewe, hapa panatakiwa wazito."

"Uzito wangu una mwenyewe, Riziki, si wa gari lako."

"Mwenyewe si amekwenda kuswali? Kaa."

Walicheka mpaka ubao ukacheza, ukawafokea watulie. Nilidhani ni mchezo wa Idi. Nikawaamkia shikamoo zao, nikapita ndani kula pilau. Mimi ninayelipwa kuuliza, sikuuliza.

Jana nikapanda boda hadi Moa. Ubao ulikuwepo, Mwanaidi ameufanya benchi la jikoni. Niliugeuza. Alama mbili za kisu zipo, moja kila mwisho, pale matundu ya springi yalipofika, zimejaa masizi.

"Mjomba, unaupeleka wapi ubao wangu?"

"Pongwe, kwa fundi."

"Kwa boda?"

"Kwa boda."

"Haya. Ubao unapanda boda kwenda Pongwe, mimi ninakatazwa." Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mkono kiunoni. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Gari litakuwa tayari?" Nikamwambia litakuwa. Ni jibu ambalo nisingelikubali kwa mtu ninayemhoji.

Leo Bakari ameweka tepu ile ile kati ya alama zako. Vidole vitatu zaidi. Tepu ilikuwa sahihi siku zote mbili. Mimi ndiye niliyeipeleka mahali pabaya. Akaufuta ubao kwa kitambaa, akaniambia, "Huyu alifanya kazi yangu kwa makalio ya shoga zake." Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hii.

Lakini sijatulia. Springi hizi hazitaniambia kilichotokea siku ile nyuma ya gari, na sioni wa kumuuliza. Hata wewe hukujua, ndiyo maana ulikwenda kujaza ndoo. Miaka yote niliuona mstari ule wa msumari nikadhani unanishitaki. Leo, nikiuangalia tena, ndoo ikiwa juu ya meza ninayoandikia, naona umeandikwa kwa ajili ya safari inayokuja. Huenda ninajipendelea.

Ratiba ni hii. Kesho Ijumaa, baada ya swala, Bakari anakata na kuchomelea upya kwa kipimo chako. Jumamosi nalirudisha gari Moa. Jumapili saa mbili asubuhi naweka godoro nyuma, na juu yake gunia la mchanga lenye uzito wa Mwanaidi. Nitajaza ndoo ya bluu mpaka ukingoni, niendeshe hadi barabara kuu. Bi Mize ameomba akae nyuma ailinde, anasema mimi naweza kuongeza maji njiani. Yakishuka chini ya mstari wako, watu wanane nimeshazungumza nao, na kitanda kipo. Yakibaki hapo, Jumatatu baada ya alfajiri nitampakia mwanao.

Nitaendesha kama mtu asiyebeba mwani.

Mdogo wako