Siku Moja ya Mwanza Kabla ya Meli

Kasulu, Jumatano ya pili ya Novemba, alasiri. Ukungu umekaa hapa tangu asubuhi na nguo nilizoanika jana bado ni mbichi. Nina muda mpaka saa kumi na mbili jioni kumjibu binti wa Mwanza, na moyo wangu umechoka hata kabla sijaanza kuandika.

Jambo lenyewe ukilisikia ni dogo. Wanangu watatu wamechanga, wametulipia mimi na baba yao safari ya meli ya kitalii inayozunguka visiwa vya Ziwa Viktoria kwa siku tatu, kwa ajili ya miaka thelathini na tano ya ndoa yetu. Meli inaondoka Mwanza Jumapili asubuhi. Sisi tunatoka Kasulu kwa basi Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi nzima iko wazi, na kampuni imetupa nafasi ya kuchagua ziara moja ya kutwa jijini kati ya tatu. Moja tu. Binti wa kampuni ametuma picha kwenye simu yangu na kila baada ya saa mbili anauliza kwa adabu, "Mama, mmeshaamua?"

Hatujaamua. Mmoja wetu hawezi, na mwingine anaogopa.

Mume wangu, Filemoni, alikuwa dereva wa lori karibu miaka thelathini. Maharage ya Kasulu, ndizi za Manyovu, saruji wakati wa kurudi. Mwanza aliijua kama mfuko wa shati lake. Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Ulianza na majina ya majirani, ukaingia kwenye njia, na tangu Pasaka umefika kwangu. Kuna siku mimi ni dada yake wa kijijini kwao, Titye. Kuna siku ni muuguzi. Siku nyingine ni abiria aliyeomba lifti, na naona kabisa anavyoshangaa kwa nini sishuki.

Hanitukani wala hanifukuzi. Ananiheshimu kama mgeni, na hilo ndilo linaloniua.

Daktari kule Kabanga alinieleza kwa upole kwamba hakuna dawa ya kumrudisha alipokuwa. Nilimsikia vizuri. Lakini nilitoka pale na hesabu yangu mwenyewe kichwani: nikimpeleka mahali alipopajua sana, labda kitu kitashtuka ndani yake. Siombi mwaka mzima. Nataka siku moja tu aniangalie aseme, "Mama Neema, njaa inauma, kuna nini leo?" Nataka hiyo Jumamosi iwe siku hiyo. Ndiyo maana siwezi kuchagua ovyo, na ndiyo maana tangu Jumatatu silali wala sili vizuri.

Ziara ya kwanza ni kwenda kisiwa cha Saanane kwa boti kuona wanyama. Ya pili ni makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, ngoma na nyoka. Ya tatu ni kuzunguka mji kwa gari: mawe makubwa, nyumba zilizopanda milimani, soko la samaki la Mwaloni, na barabara ile aliyokuwa akiingilia na lori lake.

Neema, kifungua mimba wetu aliyeolewa Kibondo, anataka kisiwa. "Mama, upepo wa ziwa utamtuliza baba," ameniambia mara tatu kwenye simu. Nimemjibu nitafikiri. Sikumwambia ukweli. Nitausema hapa kwa sababu wanangu hawasomi blogu hii, wanasema ina maneno mengi.

Naogopa maji.

Nilikuwa na miaka minne tulipokimbia kutoka Burundi. Baba yangu alinibeba mabegani tukavuka mto Malagarasi, maji yakamfika kidevuni. Sura ya mto siikumbuki. Nakumbuka sauti yake chini yangu, na mkono wa baba ulivyokuwa ukitetemeka kwenye kifundo cha mguu wangu. Tulifika salama, tukalima, tukapata uraia, nikasoma, nikawa mwalimu. Lakini maji mengi yakinguruma bado napungukiwa na pumzi. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Ukiolewa kwenye ukoo wa Waha wa Titye nawe ni mtoto wa wakimbizi, hujitafutii kasoro nyingine ya kusemwa. Nilinyamaza mwaka wa kwanza, nikazoea. Na hii meli nimeikubali kwa sababu wanangu walifurahi mno walipotuambia, sikuwa na mdomo wa kukataa.

Bujora nimeiacha. Ngoma zikilia karibu siku hizi anaziba masikio na kuomba twende nyumbani.

Mimi naegemea ya tatu, kwa ajili ya lori. Alilipenda lile lori kupita kiasi. Na alikuwa na ugonjwa wa honi, jamani! Akipita shuleni kwangu, honi. Akikuta ng'ombe wamejilalia barabarani hata hawajamzuia, honi. Nikisafiri naye kwenda Kibondo, kwenye daraja la Malagarasi ndiyo kabisa: anaibana honi daraja linapoanza na haiachii mpaka ng'ambo, waliokaa juu ya mzigo wanapiga kelele, mimi mwalimu mzima natamani kuingia chini ya kiti. Nilimgombeza miaka yote. Anacheka tu.

Kwa hiyo nikasema, gari, mji, harufu ya dizeli, labda atarudi. Lakini Mwaloni ina watu kama siafu. Jumanne ya wiki iliyopita nilimgeuzia kisogo sokoni hapa Kasulu, nanunua dagaa, akapotea kwa saa tatu. Tulimkuta kwenye maegesho ya malori amekaa na madereva, anawaelekeza njia ya kwenda Nyakanazi jinsi ilivyokuwa kabla ya lami, wapi pana tope, wapi usipite mvua ikinyesha. Wanamsikiliza kwa heshima, mmoja amemnunulia chai. Niliwashukuru, nikamshika mkono, akaniuliza kama nami naelekea Kibondo. Kama nimempoteza Kasulu ambako kila mtu anamjua, Mwanza je?

Na leo asubuhi nilifanya jambo la aibu. Nilimketisha mezani nikamwonyesha picha zote tatu. Kwenye picha ya kisiwa aliniuliza yule simba ni wa nani. Kwenye picha ya mawe aliuliza yanapakiwa saa ngapi na nani atalisaini hilo jiwe kubwa. Siku nyingine ningecheka. Leo nilimshika bega nikamuuliza, "Mimi ni nani?" Akatabasamu. Nikauliza tena. Mara ya tatu nilipiga meza, kikombe kikaanguka. Akainama kuokota vipande na kusema, "Samahani, mama, ni makosa yangu."

Hayakuwa makosa yake. Nilienda jikoni nikamwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Niliwaza pia jambo baya zaidi, kwamba ingekuwa heri angekufa akiwa bado ananijua. Niliwaza hivyo kweli. Nimeliandika ili nisije nikajifanya sikuwaza.

Sasa nieleze kilichotokea saa tisa, maana ndicho kilichonifanya nifungue hii kompyuta.

Nilikuwa nimekaa barazani na simu, daftari na kalamu. Nimechora vyumba vitatu, kila ziara na chumba chake, najaribu kuandika faida na hasara kama ninavyowafundisha watoto. Filemoni akatoka ndani, amevaa kofia yake ya safari. Aliniona na daftari, akavuta kiti cha upande wa pili wa meza, akapiga makofi polepole kama wanavyosalimiana kwao.

"Mwakeye, mama," alisema. Ni salamu ya asubuhi, lakini nikaitikia. "Hapa ndipo mnakatisha tiketi?"

Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Nilimwambia ndiyo, baba, karibu.

"Nina safari ya Mwanza. Mimi na mke wangu."

"Mkeo yuko wapi?"

"Yuko Titye, anapalilia. Ni mwalimu, ila maharage yake hamwachii mtu."

Ni kweli. Miaka ya mwanzo tulipokaa kwao nilikuwa hivyo hivyo. Nikageuza simu nikamwonyesha, nikamwambia kuna ziara tatu, achague moja.

"Mimi Mwanza naijua," alisema. "Mchagulie yeye."

Nikamfungulia picha ya kisiwa, watu wazungu kwa weusi wamepanda boti wanacheka. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote mwezi huu. Akatikisa kichwa.

"Hii hapana. Yule anaogopa maji."

Kalamu ilisimama mkononi mwangu. Nilimuuliza kama mkewe ndiye aliyemwambia.

"Ah, yule hasemi! Tukifika daraja la Malagarasi anafumba macho, anashika mlango. Anadhani simwoni. Basi mimi naibana honi mpaka tuvuke, asisikie maji."

Miaka thelathini na tano.

Miaka yote hiyo nilikuwa nagombana na ile honi. Nimeisimulia harusini kwa Neema watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Hakuna siku alisema kitu.

Yeye alisubiri kwa adabu, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye mbele ya karani. Mwishowe nikamuuliza, na meli je, baba? Meli iko juu ya maji.

Aliwaza. Nilimwona kabisa anawaza, uso ule ule wa zamani wa kupanga mzigo.

"Meli atapanda. Mimi niandikie upande wa maji, yeye mweke upande wa ndani. Ila usimwambie kwamba nimekwambia. Ataona aibu."

"Ego, baba," nilisema. Ndiyo.

"Andika, usije ukasahau."

Nikaandika. Aliinuka, akashukuru, akauliza ofisi inafungwa saa ngapi, kisha akaenda uani kuwatazama kuku. Mimi nililia mpaka jirani akachungulia uani kwetu. Nikamwambia ni moshi, na jiko lenyewe sijaliwasha.

Hapo niliacha kuandika, na saa kumi kasoro nikampigia binti wa Mwanza. Nimechagua gari. Nimemwomba Mwaloni tuitazame kwa mbali bila kushuka, na akubali kusimama mahali malori yanapoegeshwa, hata dakika kumi. Nikamuuliza kama kwenye meli viti vina upande wa maji na upande wa ndani. Alicheka kidogo akasema, "Mama, kwenye meli pande zote ni maji," halafu akasikia ninavyopumua, akaacha kucheka. Amesema atatuandikia viti viwili, baba dirishani.

Neema nimemtumia ujumbe kwamba kisiwa hapana. Ameuliza kwa nini. Nimeandika mara nne na kufuta mara nne. Ya tano nimempelekea: "Mama yako anaogopa maji, baba yako anajua." Hajajibu bado.

Nilidhani nikishachagua nitapumua. Sijapumua. Nilitaka siku moja anijue, na kumbe ananijua, ananijua hadi mahali nilipojificha. Ila hajui kwamba yule anayemjua ndiye huyu anayempikia uji. Yule mwanamke wa Titye anatunzwa mpaka leo, na mimi nimekaa nje nikimwonea wivu. Hili linauma kuliko lilivyouma asubuhi, sitadanganya.

Sasa hivi ameingia ndani na yai moja mkononi, amenikabidhi na kusema, "Ni la mke wangu, akija umpe." Nimeliweka kabatini.

Kesho nitafua shati lake la bluu, na sitaomba kingine. Ijumaa alfajiri basi litashika njia ya Kibondo, na kabla hatujafika litapita juu ya Malagarasi, na dereva wa basi hana sababu ya kupiga honi. Nitakaa upande wa ndani kama nilivyoandikiwa. Nataka nijaribu, kwa mara ya kwanza, kuacha macho wazi pale darajani, nione kama atageuka kuniangalia.