Kidonda cha Wiki Saba

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mume wangu Baba Koku,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani, mguu umeunyoosha juu ya kigoda, na mtu mwingine ameinama anauosha. Mimi ni mzima. Watoto hawajambo? Mama anaendeleaje na kifua chake? Ile migomba iliyoangushwa na upepo mmeiinua? Nauliza hayo kwa sababu nataka kuyajua, lakini nisikufiche: tangu Alhamisi, shemeji Deo aliposhuka melini na barua yako mkononi, nina swali moja tu, na limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Uliandika hivi, na mstari huo nimeusoma mpaka karatasi imelegea: "Kidonda hakiumi, na Advera anakuja kila asubuhi kukiosha kwa maji ya vuguvugu na chumvi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi." Nisiwe na wasiwasi! Advera jirani yetu, aliyeachana na mumewe huko Karagwe akarudi kwao na sanduku la khanga mpya, ambaye hata kuku wako wakivuka mpaka anawarudisha yeye mwenyewe badala ya kumtuma mtu? Advera huyo ndiye anayekushika mguu kila siku ya Mungu, halafu mimi niliyeko ng'ambo ya ziwa nitulie. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi huku ni fimbo ya mbali kweli.

Sasa nisikilize, maana sikuandikii kwa hasira tupu. Nina hoja.

Mimi na wewe tuliumia wiki ile ile moja. Wewe jembe lilikuchana ubavuni mwa mguu ukipalilia, mimi kisu. Sikukueleza sawasawa wakati ule, nilisema nimekwaruzika tu, kwa sababu ungeniambia nirudi, na kahawa yenyewe tangu waje wanunuzi binafsi unajua inavyotutesa. Pale kiwandani tunasimama mstari mmoja, buti za mpira miguuni, tunachuna minofu ya sangara ya kupanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, vichwa na mifupa yake, ndiyo yanayobaki kwa ajili yetu. Siku hiyo samaki aliteleza, kisu kikanipita chini ya kidole gumba cha mkono wa kushoto. Nikakificha kidole ndani ya glavu. Aliyeumia hurudishwa nyumbani, na getini kila asubuhi wanawake wengine wamejaa wanasubiri nafasi yake.

Siku ya pili mkono ulivimba, ukawa mwekundu, wa moto. Mimi nikadhani uvimbe ndio ugonjwa wenyewe unaopanda. Basi nikakata mpira wa ndani wa baiskeli nikaufunga mkono kwa nguvu zangu zote, ili uvimbe ukose pa kupita, na kila nikipata nafasi nauzamisha kwenye barafu ya samaki. Vidole vikaanza kuwa vya bluu. Bhoke, Mkurya ninayesimama naye mstarini, ndiye aliyenikokota mpaka zahanati ya huku kwetu.

Nesi wa pale ni mama mtu mzima, Msukuma, anaitwa Nyamizi. Alipouona ule mpira alisonya.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Nilikuwa nazuia uvimbe, mama."

"Unazuia uvimbe! Wewe binti, kwetu mwano ukipigwa, lile yowe la hatari, kila mtu anatoka mbio kwenda kusaidia. Na mwili ndivyo hivyo hivyo. Ukijikata unapiga mwano. Mishipa ya damu inapanuka, damu inakuja nyingi, ndiyo maana pakawa pekundu na pa moto. Maji ya damu yanaingia kwenye nyama pamoja na chembe nyeupe za kula vijidudu. Ndiyo uvimbe huo. Na maumivu ni ya kukwambia uupumzishe mkono. Sasa watu wamekuja kukusaidia, wewe umeziba barabara!"

Alisafisha, akasema nimechelewa kushonwa, kitajiziba chenyewe. Akaniambia nirudi kila baada ya siku mbili, na kila nikirudi alinionyesha kazi ilipofikia. Siku ya tano joto lilipungua. Wiki ya pili ndani kulikuwa na nyama mpya, nyekundu, yenye chembechembe, na kingo zikawa zinavutana kidogo kidogo. Halafu likaja gaga, halafu muwasho wa kunikosesha raha mchana kutwa, na Nyamizi akasema usikwangue, ni ngozi inatambaa. Wiki ya nne gaga lilianguka lenyewe. Sasa pana kovu la waridi, na nachuna samaki kama zamani. Alinionya tu kwamba kovu haliwi na nguvu ya ngozi ya mwanzo hata miaka ikipita.

Umeona nilipofika, Baba Koku? Changu, kilichofungwa mpira wa baiskeli na kuchovywa barafu ya samaki, kimefunga wiki ya nne. Chako, kinachobembelezwa na maji ya vuguvugu, wiki ya saba bado kinaoshwa! Nikajiuliza, hapo kinachooshwa ni kidonda kweli? Nikamkalisha Deo chini.

"Shemeji, Advera anafika saa ngapi?"

"Asubuhi, shemeji. Akishatoka kisimani."

"Anakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka amalize."

"Amalize nini?"

Akaangalia kikombe chake cha chai. "Kuosha, shemeji. Na mama anakuwepo."

"Na kaka yako anapiga kelele akioshwa?"

"Wala. Anapiga hadithi tu, anacheka. Sema amekonda sana siku hizi, suruali anaifunga kwa kamba. Na maji anayokunywa! Mtungi wa mama anaumaliza peke yake, halafu usiku kucha yuko njiani kwenda chooni."

Nilicheka kwa uchungu. Nikamwambia mwanamume akikonda na kukauka koo namna hiyo, dawa yake haiko kwenye maji ya chumvi. Mapenzi hayo, nilisema, na Deo akainuka kurudisha kikombe, na mimi kuinuka kwake nikakuchukua kuwa ushahidi. Siku mbili nzima nilichuna samaki nikiwa nakuchuna wewe. Nilimwona Advera akiinama. Niliona na khanga aliyovaa, nikaona mpaka maandishi yake. Nikapanga kuomba ruhusa, nipande meli, nifike asubuhi na mapema bila kubisha hodi, nikukute na mguu mzima usio na hata alama.

Lakini nilitaka kwanza niwe na neno la mtaalamu. Jana mchana nikaenda kwa Nyamizi. Nikamsimulia kama kichekesho, nikiiga sauti yako: hakiumi, hakiumi! Nikamuuliza, "Mama, mwanamume mzima kuoshwa kidonda wiki saba, na hakimuumi, huyo si anaoshwa moyo?"

Hakucheka. Aliweka chini pamba aliyokuwa anakata.

"Hakimuumi kabisa?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Mguuni?"

"Mguuni."

"Anakunywa maji sana?"

Baba Koku, nilivuta kigoda nikakaa bila kukaribishwa. Sikuwa nimemwambia habari ya mtungi. Nikamweleza yote ya Deo, kamba ya suruali, chooni usiku, na kila nilichosema yeye alikuwa anatikisa kichwa polepole. Akaniambia kuna ugonjwa wa sukari. Sukari ikizidi kwenye damu, mishipa midogo ya miguuni inaharibika, damu haifiki vizuri, na zile chembe nyeupe zinazokuja zinakuwa goigoi. Na neva za mguuni zinakufa, mtu anakanyaga hata msumari asijue.

"Wewe mkono ulikuuma kwa sababu ulikuwa mzima," aliniambia. "Mguuni kwa mwenzio mwano unapigwa, hakuna anayetoka. Mimi sijamwona, siwezi kusema ndivyo ilivyo. Lakini akapimwe wiki hii, asingoje ijayo. Watu wamekatwa miguu kwa kusema hakiumi."

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na glavu zangu mapajani. Niliona haya, halafu nikaogopa, halafu nikakukasirikia upya, kwa sababu mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe ulipojua unakonda hukuniandikia neno hata moja. Mimi nilificha mkono, wewe ukaficha mwili mzima.

Na leo kanisani nimeomba sala ambayo sijui kama kuna mke mwingine amewahi kuiomba. Nimemwomba Mungu, mume wangu awe mwongo. Nimeomba kidonda kiwe kimepona siku nyingi na kinachokuleta barazani kila asubuhi kiwe ni Advera tu. Ikiwa ni hivyo, niandikie. Niandikie kwa ukweli, nitakuja tugombane mpaka majirani watoke, na nitafurahi njia nzima. Wivu bado ninao, usidhani umekwisha. Hata sasa nikiandika jina lake kalamu inachimba karatasi.

Lakini kama kidonda kipo, na hakiumi, na mtungi unaumaliza, basi barua hii Deo akikukabidhi kesho usiimalize kuisoma umekaa. Nenda hospitali ya misheni, wakupime sukari, wakuangalie mguu. Usiende kwa mganga kwanza. Usikifunge kitu cha kubana. Usitembee peku. Mimi nimeshaomba ruhusa ya meli ya Jumatano. Wakinikatalia nitakuja hivyo hivyo, nafasi yangu waichukue walioko getini.

Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie asikunyime maji ya mtungi, ila akuharakishe uondoke. Mwambie Koku asiache shule kwa ajili ya kukuuguza, na mdogo wake namletea kalamu ya rangi. Deo namshukuru, nilimhoji kama polisi naye hakunikasirikia.

Na Advera msalimie. Umwambie aendelee kukiosha taratibu, asisugue, mpaka mtakapofika kwa daktari. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni mbali kwa mguu huo, na mama hana nguvu za kukubeba. Umshike yeye bega. Uegemee kweli, usione aibu kwa ajili yangu.

Ni mimi mkeo, mwenye wivu,
Mama Koku