Mwambie Mwenzangu

Chumbani kwangu,
Juu ya duka la viatu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usimpe mtu akusomee. Ukishindwa, sogea mlangoni penye mwanga. Hali yako vipi? Ukungu bado uko kwenye jicho la kulia tu, au sasa ni yote mawili? Na mgongo je? Mimi ni mzima, nakula na kulala. Nikiulizwa zaidi ya hapo sina la kusema, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia.

Barua yako niliipata. Umesema daktari atakutoa mtoto wa jicho mwisho wa mwezi, ila hakugusi mpaka awepo ndugu wa kukaa nawe siku utakazofungwa bandeji. Na umenitaka mimi, kwa kuwa hutaki mkono mwingine ukuoshe uso. Kabla sijakujibu, acha nikueleze ya kazini, maana jibu limepitia huko.

Unajua naandika na kuchapa kwa mawakili wawili. Usilojua ni kwamba hawasemeshani. Walikuwa chumba kimoja, huyu anataka dirisha wazi, yule anataka feni. Siku moja karatasi za mteja zikapeperuka hadi barabarani, kila mmoja akasema ni upepo wa mwenzake. Wakapiga ubao katikati. Dirisha likabaki upande mmoja, feni upande wa pili, na mimi nikabaki mlangoni. Siku hizi moyoni nawaita hivyo hivyo, Dirisha na Feni.

Tangu hapo wanasema kupitia kwangu. "Mwambie mwenzangu mteja wa kiwanja amefika." Ubao ni mwembamba, mtu akimeza mate upande huu anasikika upande ule. Lakini Feni hajibu mpaka nizunguke, nisimame mbele yake, nimwambie neno alilokwisha kulisikia. Kisha anasema, "Mwambie nimesikia." Nazunguka tena. Wahenga walisema mafahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawa hata hawapigani, na nyasi zimelala chali. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye nikawa nakasirika. Sasa nazunguka tu.

Mengine ni ya kila ofisi. Mashine ya kopi inakwama kwenye karatasi ya mwisho, wala si ya kwanza. Wateja wanauliza faili limefika wapi, nami nawajibu wakili yuko mahakamani, huku sote tunasikia harufu ya chungwa analomenya. Mama mmoja mwenye kesi ya urithi alinitazama sana, akasema, "Mwanangu, hiyo mahakama yenu inanukia machungwa." Nikamwambia ndiyo, mama. Hata aibu sikuona.

Barua zote nazitia saini mimi, na kabla ya jina naandika K.n.y., yaani kwa niaba ya. Juzi nilipokea mtungi wangu wa gesi, nikasaini K.n.y. Muuzaji akaniuliza, "Kwani gesi ni ya nani?" Nilisimama nikifikiri.

Sasa hilo la safari. Likizo ninayo, sijaigusa, ila lazima wote wawili waikubali. Dirisha akasema yeye hana neno, nimuulize mwenzake. Feni akasema mwenzake akubali kwanza. Nikazunguka hivyo siku kadhaa. Alhamisi, Feni akasema bila kuinua uso, "Mwambie mwenzangu huyu mwanamke asiende, kazi ni nyingi."

Nikazunguka. Nikasimama mbele ya Dirisha, nikasema, "Anasema huyu mwanamke asiende, kazi ni nyingi."

Dirisha akaitikia kwa kichwa. "Mwambie kwa hilo nakubaliana naye."

Mama Mdogo, tangu ubao ule upigwe hawajawahi kukubaliana jambo lolote. Nikarudi kwa Feni nikamwambia, "Amekubaliana nawe." Akasema vizuri. Nikakaa, nikaendelea kuchapa hati ya kiwanja.

Nilikuwa naosha sahani nyumbani iliponijia kwamba huyo mwanamke ni mimi. Sikulia. Wewe uliyenilea kando ya cherehani yako unanijua, nilikuwa nikilia hata kwa uzi kukatika, na mdomo haukupumzika mpaka ukaniita jina la mashine yenyewe. Nilisimama na sahani mkononi nikisubiri machozi, hayakuja, na hapo nikaogopa.

Asubuhi sikuingia kwa yeyote. Nilisimama pale ubao unapoishia, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Mimi nasema naenda kumuuguza mama yangu mdogo. Naondoka tarehe ishirini, nitakaa wiki mbili."

Feni akakohoa. "Mwambie mwenzangu..."

"Amesikia," nikasema. "Na wewe umesikia."

Usidhani nilipiga moyo konde. Sikuhisi kitu. Nilikwenda kutoa karatasi iliyokwama kwenye mashine. Hawajasema kama nikirudi nitakikuta kiti changu. Labda wanasubiri mtu wa kuwapelekea jibu.

Basi nakuja. Uniwekee kitambaa laini cha kukuoshea uso, usichague kile cha maua ulichoficha kwa ajili ya wageni. Nikifika nikakaa kimya usidhani nimenuna. Niulize tu mimi nataka nini, halafu univumilie, maana jibu litachukua muda. Tena uniulize macho yako yakiwa bado yamefungwa, nisione haya sana.

Nisalimie Binamu fundi baiskeli, mwambie asije kituoni na ile isiyo na breki. Msalimie Shemeji na watoto, na Jirani anayekutungia uzi kwenye sindano. Mwambie ahsante, karibu atapumzika.

Mola akutunze wewe na mboni zako, akufumbue macho unione nilivyo, hata kama nimekonda.

Hapo chini utaona nimekatakata herufi tatu kabla ya jina. Mkono ulinitangulia.

Wako akupendaye,
Cherehani