Glovu Uliyoiacha Mchangani

Ami Nassor,

Jana glovu yako ililala nje, peke yake, bondeni nyuma ya soko la Matrah, hapa Omani. Najua huko uliko umeshanikunjia uso. Ngoja nikueleze.

Tangu tukuzike hakuna aliyecheza. Sisi tuliotoka Unguja tulirudi barazani kwetu, na vijana wa Matrah wakakaa kwao, kama mwaka ule tuliposhuka hapa na mabunda yetu, Waarabu tusiojua Kiarabu. Wewe ndiye uliyetuchanganya. Wenzako walikimbia Unguja na vyerehani na masufuria, wewe ukashuka na glovu moja ya ngozi ya kudakia mpira, nyeusi kwa mafuta. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Nakumbuka ulivyokuwa ukisimulia besiboli huku tende iko mdomoni. Ujanani ulikuwa mtia makaa melini, ukaugua, ukaachwa Marekani katika mji mdogo wa viwanda vya nguo. Kule, ulisema, hata mji usio na hospitali ulikuwa na timu yake. Si zile kubwa za magazetini. Timu za wafuma nguo, za wachimba makaa, za washona viatu, wanatoka kazini wanavaa jezi, wanapanda treni kwenda kucheza mji wa pili na kulala kwenye mabenchi ya stesheni. Timu ilianza majani yakichipua, na mara nyingi baridi haikuikuta. Ikivunjika, basi, kila mtu anashika njia yake.

Lakini lililokushangaza wewe, na kunishangaza mimi mpaka leo, ni zile glovu. Zamu ya kudaka ikiisha, mchezaji aliivua yake, akaiacha palepale kwenye majani, akaenda kupiga. Hakuna aliyeondoka nayo. Na mtu wa upande wa pili asiye na glovu aliiokota akaivaa. "Mahasimu, mwanangu, na huyu mkono wake umo ndani ya glovu ya yule. Mimi nnakwambia nlichokiona kwa macho yangu." Siku timu ya mji wako ilipovunjika, glovu moja ilibaki majanini, mwenyewe hakurudi. Ulimngoja mpaka giza likaingia, ndipo ukaichukua.

Ukatufundisha vivyo hivyo hapa, kwa gongo la mkunazi na mpira wa matambara. Glovu moja, pande mbili, na inaachwa mchangani. Nani angeamini? Watu ambao tulikuwa hatuazimani hata birika.

Ulipofariki, mama alitaka kuifungia sandukuni pamoja na kanzu yako ya Idi. Nikamwomba anipe siku moja tu. Jana baada ya alasiri nikaenda nayo bondeni, nikaiweka ulipozoea kuiweka, nikageuka. Ami, niliogopa. Niliogopa isiguswe na mtu, na niliogopa ichukuliwe moja kwa moja. Mama alininunia, kahawa sikupewa.

Leo nimeikuta, lakini si pale nilipoiweka. Ilikuwa mkononi mwa Khalfan, yule mtoto wa muuza samaki wa Matrah, uliyekuwa ukimwambia anadaka kwa macho badala ya mikono. Amesimama mahali pake, wenzake nyuma yake, wanatungoja. Kile kidole gumba cha glovu kilichochanika, tulichokuwa tukikifunga kwa kamba, kimeshonwa kwa uzi wa nyavu, mishono midogo midogo, kazi ya mtu aliyekaa akatulia. Sikuuliza nani. Khalfan alidaka mpaka zamu yao ikaisha, akaivua, akaiweka mchangani mbele ya miguu yangu, akaenda kupiga.

Nilipoivaa ilikuwa bado na joto la mkono wake. Yale ya Marekani uliyotusimulia, ya watu nisiowajua na miji nisiyoweza hata kuitamka, yalikuwa mle ndani. Nikashindwa kuona mpira ulipopita. Wamenicheka sana.

Lala salama, Ami wangu. Sandukuni haitaingia, mama nimeshamwambia. Na siku timu hii nayo ikivunjika, maana wewe ulisema zote huvunjika, nitakaa pale bondeni mpaka giza liingie, nione nani atarudi kuichukua.

Mwanao