Gauni Mbili za Damu ya Mzee

Jumatano, Julai. Babati kuna baridi ya kukunja vidole, na mlima Kwaraa haujaonekana tangu asubuhi. Mimi pia nisingeonekana kama ningekuwa na uwezo huo.

Nimefunga duka mapema. Ninauza mbegu na dawa za mifugo, na jioni kama hii wateja wangu wamejikunyata majumbani kwao. Nimekaa juu ya mfuko wa mbegu za mahindi, naandika kwa simu. Miguuni pangu kuna mfuko mwingine, wa duka la nguo, na ndani yake kuna gauni mbili. Rangi moja, saizi moja, mshono mmoja. Hakuna hata moja inayonienea.

Ngoja nieleze, maana nisipoandika nitalia, na leo nimeshalia kiasi cha kutosha.

Jumamosi ni sendofu ya Rehema, anaagwa kwao Bonga kabla ya harusi. Rehema ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Tulikuwa wanene wawili darasani, tukakaa dawati moja kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kubanwa. Wakatuita Bonge Mkubwa na Bonge Mdogo, na hadi leo sijui nani alikuwa nani.

Kamati imeamua marafiki wa bibi harusi tuvae gauni za dukani, rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea. Hakuna kushona. Sababu naijua na siwezi kuipinga. Kwenye sendofu ya mwenzetu mmoja fundi alituzungusha na "njoo kesho" zake, tukaingia ukumbini wengine tuna sare, wengine tumevaa tulichokuwa nacho, na dada mmoja upindo wake umeshikwa na pini. Picha zile bado zinachekwa. Kwa hiyo safari hii katibu aliandika kwenye kundi la simu kwamba kila mtu aende dukani, achague saizi yake, yaishe. Wenzangu wakaweka vidole gumba.

Na mimi niliweka.

Asiye na sare haingii na bibi harusi. Atakaa nyuma na waalikwa, atakula pilau, atapiga makofi. Mimi ndiye niliyemsindikiza Rehema kwenye kila kitu, hata kung'oa jino. Siwezi kumwangalia anaingia ukumbini nikiwa nyuma ya meza ya wajomba. Lakini tangu Jumapili nimekuwa na ujumbe kwenye simu ambao sijautuma: Rehema, nimepata dharura dukani, sitaweza kufika. Nimeusoma mara nyingi hadi nikaanza kuuamini.

Leo mchana nikamwachia jirani duka, nikaenda kutafuta.

Duka la kwanza karibu na stendi, nilimsalimia binti aliyekuwa kaunta. Aliniangalia kwanza kutoka kichwani hadi kwenye viatu, akarudi juu, ndipo akaitika. Nikamwambia nataka gauni la damu ya mzee. Hata hakugeuka kutazama nguo zilizoning'inia kwenye henga.

"Dada, kwako labda dera," akasema.

Hakuwa na ubaya. Alisema vile ambavyo ningemwambia mkulima kwamba mbegu aliyotaja hatuna. Wala sina ugomvi na dera. Ninazo nyingi, zimenistahi miaka yote hii. Ila nikiingia duka lolote la mji huu, dera hutajwa kabla sijamaliza kuongea. Hakuna anayewaza kwamba na mimi kuna siku ninataka kiuno changu kionekane kilipo.

Duka la pili ni la Mama Glory. Mlangoni ana midoli ya kuvalishia nguo, mirefu, isiyo na tumbo wala wasiwasi. Moja ilikuwa imevaa gauni lenyewe, zuri kweli, lina mikono ya kitambaa chepesi. Mama Glory akapekua akanitolea la mwisho kwa ukubwa, XXL. Herufi zile zilinipa moyo. Nikasahau kwamba huko zinakoshonwa, XXL ni ya binti wa kidato cha pili.

Pembeni ya duka pana kona ya kujaribia. Pazia lake ukilivuta kulia, kushoto panabaki wazi. Nikajigeuza nikaupa ukuta uso, nikapitisha gauni kichwani. Likashuka hadi mabegani, likagoma. Nikavuta, likagoma zaidi. Nikajaribu kulirudisha juu, nalo likakataa kurudi.

Nikabaki mle ndani, mikono juu, uso ndani ya kitambaa kipya, nasikia wateja wengine wanauliza bei za sketi.

Hapo ndipo nilipolia. Gauni lenyewe halikuwa na makosa. Nilimkumbuka Rehema.

Zamani tulikuwa tunanunua pamoja, mitumba, siku za mnada. Mitumba ilitupenda. Huko inakotoka kuna wanawake wa miili yetu, na wakichoka na nguo zao zinakuja mpaka hapa Babati zikiwa na nafasi ya kutosha. Kwenye mnada hakuna pazia, kwa hiyo mmoja alishika kanga na mwingine akajaribu nyuma yake. Rehema alijua kuishika kanga. Aliitanua kwa mikono yote miwili na kuwakodolea macho wapita njia hadi wakaangalia kwingine. Nikikwama aliiuma kanga kwa meno ili apate mikono ya kunivua, tukicheka hadi muuza nguo anaogopa tutamchania mali. Hatukurudi mikono mitupu hata siku moja. Tulirudi na magauni mawili, lake na langu.

Kisha akapata kazi Arusha. Akaanza kutembea alfajiri, akaacha sukari, akaacha chapati, mwili ukapungua. Aliporudi Pasaka nilimpita pale stendi bila kumtambua. Nilifurahi naye, kweli. Nikamwonea wivu, kweli vilevile. Hilo la wivu naliandika hapa tu.

Lakini kupungua kwake hakujaniuma kama kusahau kwake. Wiki iliyopita nilimwambia sina hakika nitapata saizi. Akanitumia sauti, anacheka, nyuma yake kuna muziki. "Wee, chukua tu XL, zile zinavutika."

Zinavutika. Rehema huyo huyo aliyewahi kukwama kwenye blauzi hadi ikakatwa kwa mkasi, mkasi nikiushika mimi.

"Dada, umekwama?" Sauti ya Mama Glory nje ya pazia.

Nikamwambia nimekwama.

Akaingia, mikono yake baridi. "Pole mama. Shusha pumzi. Inama kidogo." Akalitoa taratibu, akalikung'uta, akaangalia kama zipu imepona. Alipoona uso wangu akajifanya anatafuta kitu sakafuni hadi nikajifuta. Kwa hilo nitamshukuru daima. Kisha akasema alichosema.

"Nunua mawili. Moja fundi alikate, akuongezee pembeni. Kitambaa ni kilekile, nani atajua?"

Nilikasirika. Nilitaka kumuuliza kama wateja wake wengine nao huwa anawauzia nguo za watu wawili. Lakini macho yake hayakuwa na kejeli, na mimi nilikuwa nimesimama pale na sidiria na sketi ya ndani, si mkao mzuri wa kuanzisha ugomvi. Nikavaa dera langu. Nikasimama mbele ya kaunta. Nikatoa simu, nikaufungua ule ujumbe wa dharura, nikausoma tena.

Nikaufuta. Nikanunua mawili.

Kesho asubuhi nampelekea fundi mmoja mama wa Nangara. Kamati ikijua nimepeleka sare kwa fundi nitaitwa msaliti, na akianza za "njoo kesho" nitahamia barazani kwake. Nimeshampigia. Ameniuliza ataanza kukata lipi. Nikamwambia lolote, yanafanana. Nilipokata simu nikayatoa yote mawili kwenye mfuko nikayatandaza hapa juu ya magunia, nikayatazama kama mjinga. Moja litakatwa ili jingine linienee. Sikutegemea kulionea huruma gauni.

Rehema ameniandikia sasa hivi. Umepata?

Nimepata, nikamjibu. Kisha nikaongeza: mawili.

Nilidhani ataelewa. Kwa dakika hiyo moja niliamini kabisa kwamba simu italia, atakuwa anacheka hadi anakohoa, ataniambia Bonge wewe, ngoja Jumamosi nije na kanga.

Ameandika: mawili ya nini tena?

Nje giza linaanza kuingia na upepo unapiga bati la duka. Nimeyarudisha magauni kwenye mfuko.

Nitakwenda. Nimeamua na sirudi nyuma. Nitavaa damu ya mzee kama wenzangu, nitaingia ukumbini mbele yake, nitacheza, na viuno ninavyo. Tukifika pale mbele atatukumbatia mmoja mmoja, ndiyo desturi, na mkono wake utapita ubavuni pangu, palipoungwa. Wengine hawatahisi kitu. Zamani yeye angehisi mshono huo hata kabla hajanigusa.

Je, Jumamosi mkono wake utasimama pale, hata kidogo?